Gari la Upande Mmoja

Ukilitazama kwa kulia lilikuwa gari la mashindano la zamani, jekundu, refu kama kambare, lenye mdomo wa mviringo na magurudumu yaliyotokeza nje kama masikio ya mtu aliyenyolewa vibaya. Ukizunguka kwa kushoto lilikuwa debe la mafuta ya msaada lililokatwa na kukunjwa, na kwa ndani bado ulisoma maandishi ya Kizungu yaliyosema kwamba mafuta haya hayauzwi. Lilikuwa gari dogo, la kubeba kwapani, na lilikuwa nusu tu. Nusu hiyo ilimchukua mpangaji wetu wa chumba cha uani muda ambao fundi mwingine angejenga nyumba, akaezeka, akagombana na mkewe na kuhama.

Tulimwita Mpangaji. Jina alikuwa nalo, na wapangaji wengine tulikuwa nao, lakini hakuna mwingine aliyeitwa hivyo, kana kwamba wenzake walikuwa wamepita tu kuomba maji. Nyumba yenyewe ni ya marehemu mama, ipo Katubuka, vyumba vimepangwa mstari vikitazama ua. Mama aliniachia nyumba hiyo kwa sababu aliniona sina dalili ya kwenda popote, na hakukosea. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi, nikakaa. Mke wangu anauza dagaa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Mimi nabaki na kuku, vyombo na redio. Tangu nitoke shule sijafika mbali kuliko Kidahwe, na Kidahwe kwenyewe nilifika kwa sababu nilisinzia kwenye basi.

Miaka ile ya wakimbizi ilikuwa bahati kwa mtu kama mimi, maana dunia iliniletea habari zake mlangoni. Kila mashua iliyofika Kibirizi ilishusha watu kabla ya mizigo: godoro, kuku, na bibi aliyekaa juu ya godoro akiwa amemkumbatia kuku. Wengi walipelekwa kambini, kule juu upande wa Kasulu. Wachache wenye kazi ya mikono walijipenyeza mjini. Mpangaji alikuwa fundi wa karabai, na dagaa wa ziwa letu hufuata taa. Karabai zikifa, Kibirizi nzima inalala njaa. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza maswali mengi. Alikuja na koleo, mkasi wa bati, chuma cha kulehemu na koti la suti lisilo na suruali yake.

Habari ya gari alitusimulia mara nyingi, na kila mara ilikuwa ileile, jambo lililonifanya nimwamini. Mimi ni mwongo wa wastani, najua: mwongo hawezi kuacha kuboresha.

Zamani, ng'ambo, Kalemie, enzi za Wabelgiji, palikuwa na Mzungu mmoja mfanyabiashara wa pamba aliyejiletea gari la mashindano lililostaafu kwao. Kila Jumamosi alilikimbiza kwenye barabara ya kando ya ziwa. Hakuwa na wa kushindana naye, kwa hiyo alikuwa mshindi wa kwanza kila wiki, na kila wiki alifurahi upya. Vijana wawili waliajiriwa kuliosha. Mpangaji, akiwa kijana wa miaka kumi na sita, alipewa upande wa kulia. Mwenzake alipewa wa kushoto. Mpaka wao ulikuwa katikati kabisa ya gari, pale mkanda wa ngozi ulipofunga boneti, na tajiri alikataza mtu kuuvuka. Mkwaruzo ukionekana kulia, anafukuzwa wa kulia. Ukionekana kushoto, anafukuzwa wa kushoto. Banda lenyewe lilikuwa jembamba. Wa kulia aliingilia mlango wa mbele, wa kushoto mlango wa nyuma, na gari likawa katikati yao kama ukuta wa msikiti.

"Lakini Mzee," nilimwambia, "si ulikuwa unaliona likitoka?"

"Nilikuwa naona vumbi."

"Hata siku moja hukuchungulia upande wa pili?"

"Kuchungulia nilichungulia. Ila kitu hujakiosha, hukijui."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kila siku. Alilitumia kwa magari, kwa masufuria, kwa watoto na kwa ndoa. Mwanaume ambaye hajawahi kuosha mtoto wake, alisema, anaishi na mgeni. Katika mizani yake hiyo mimi, muosha vyombo mashuhuri wa Katubuka, nilikuwa mtu mwenye elimu ya juu kabisa, na nilimpenda kwa hilo.

Huyo kijana wa kushoto baadaye alimwoa dada yake Mpangaji. Kwao, kama kwetu, shemeji ni mtu wa kutukanwa kwa mapenzi, ukimheshimu sana watu wanadhani mmegombana. Mpangaji alimwita shemeki, kwa lafudhi ya ng'ambo, ileile iliyogeuza ndiyo kuwa njo na mtu kuwa mutu, na akilitamka tu neno hilo tulivuta vigoda, maana mvua ilikuwa inakuja.

"Shemeki ni mvivu. Kila Jumamosi tajiri anapiga kelele: tope! Nyuma ya gurudumu la kushoto, tope! Mahali palepale, kila Jumamosi. Mimi upande wangu unang'aa, unaweza kunyolea ndevu. Na mwizi pia. Dada yangu alikuwa ananiletea chakula mchana. Anapita mlango wa nyuma, anasema mbele kuna jua. Mpaka kinifikie mimi, kimepoa, nyama imepungua. Sasa nani alikuwa amekaa kule nyuma? Njo vile. Mwizi kabisa."

"Na bado ukampa dada?" mke wangu alimuuliza.

"Sikumpa, mama. Alichukua. Nimekwambia ni mwizi."

Vita ilipofika kwao kila mtu alikimbia kwa njia iliyokuwa wazi mbele yake. Mpangaji alifika ziwani akapata mashua. Dada yake na shemeji yake walishika njia nyingine, na tangu siku hiyo hakujua kama wamevuka, wamebaki, au vipi. Hilo lilikuwa fungu fupi sana la simulizi yake. Ukimwuliza zaidi alianza kutafuta koleo, hata kama koleo lilikuwa mkononi mwake.

"Mzee, sema tu unawatafuta ndugu zako," mke wangu alimwambia siku moja. "Hakuna atakayekucheka."

"Nawatafuta? Yule? Mimi namtafutia nini?" Akainua ile nusu ya gari, akaipuliza vumbi. "Natafuta upande wa kushoto. Bomba la moshi lilikuwa kule. Mlio wake ninao hapa masikioni, lakini umbo sina. Akinipa umbo la bomba aende zake."

Kazi yenyewe aliianza kwa majivu. Asubuhi moja tuliamka tukakuta uani, chini ya kamba ya nguo, mstari wa majivu umechorwa kwa ukubwa wa gari la kweli. Mdomo, boneti, kiti, mkia. Upande mmoja ulipinda vizuri kabisa, na upande mwingine ulikuwa mstari ulionyooka, kama mkate uliokatwa kwa kisu.

"Hiki ni nini uani kwangu?" mke wangu aliuliza, beseni la dagaa likiwa bado kichwani.

"Gari, mama."

"Mbona nusu?"

"Nusu nyingine si yangu."

Urefu wote alikuwa nao kichwani kwa shibiri, kwa sababu alipokuwa kijana aliwahi kuupima upande wake kwa mkono, kutoka mdomoni mpaka mkiani. Sasa akaupima tena ardhini kwa shibiri zilezile, na gari likatoka kubwa kupita kiasi. Lilifika mpaka kwenye banda la kuku. Pale pa kukaa dereva ungeweza kumlaza ng'ombe. Alihangaika nalo siku kadhaa, akihesabu upya, akimlaumu shemeji yake kwa sababu ya mazoea tu, mpaka siku moja akasimama katikati ya majivu, akautazama mkono wake kama mtu aliyeletewa mkono wa jirani kwa makosa.

Mkono ulikuwa umekua. Shibiri alizozikumbuka zilikuwa za kijana wa miaka kumi na sita, na yeye alikuwa anazipima kwa mkono wa mzee aliyepiga bati maisha yake yote.

Akatutazama mmoja mmoja. Mkono wa mke wangu ulikuwa mpana kwa kubeba mabeseni. Mikono ya wapangaji wengine, wapagazi wa Kibirizi, ilikuwa kama makasia. Kisha akanitazama mimi niliyekuwa nachambua mchele.

"Mwenye nyumba, lete mkono."

Nikampa. Akaugeuza juu, akaugeuza chini, akaubonyeza kiganjani kama mama anayenunua parachichi.

"Umewahi kushika jembe?"

"Shuleni tulikuwa na shamba."

"Ulishika jembe, au uliliona likipita?"

Nikaendelea kuchambua mchele kwa mkono uliobaki.

"Mutu ana mke, ana mtoto, na mkono umebaki wa kijana. Hongera sana. Huu ndio mkono wangu."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe niliolewa na rula," alisema, na jina hilo likanishika. Mpaka leo wapo watu Katubuka wanaoniita Rula na hawajui sababu. Basi nilipiga magoti uani, mbele ya kuku wangu mwenyewe, nikapima shibiri kutoka mdomoni hadi mkiani, na gari likatoka sawasawa. Sijawahi kufaa kwa kitu kwa kiasi kile, kabla wala baadaye.

Kutoka kwenye majivu kwenda kwenye bati alitumia kamba. Alinyoosha kamba juu ya mstari, akaikata, kisha akaikunja katikati, akaikunja tena, akaikunja tena. Kipande kilichobaki baada ya mikunjo mitatu ndicho kilichokuwa kipimo cha gari dogo. Kila kitu kilipita kwenye mikunjo hiyo mitatu: gurudumu, kiti, breki ya mkono iliyokaa nje ya mlango, hata mkanda wa ngozi. Bati la debe la msaada alilipenda kwa sababu ni laini; alilipondea taratibu juu ya mchi wetu wa kutwangia, ambao tangu hapo ulitwanga kisamvu chenye ladha ya gereji.

Vifaa vilitoka nyumbani kwangu, kwa hiari yangu au bila hiyo. Wavu wa mbele, pale rejeta inapopumulia, ulikuwa chujio letu la chai. Tulikunywa chai yenye majani wiki nzima kabla mke wangu hajalitambua chujio lake kwenye mdomo wa gari. Kiti kilishonwa kwa ulimi wa kiatu changu cha shule. Spoku za magurudumu alizitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, akaufumua uzi mmoja mmoja, akaulehemu mmoja mmoja, huku amebana pumzi kama anamtoa mtu kibanzi jichoni. Matairi yalikuwa ndala, na hapo naweza kusema tu kwamba zilikuwa ndala mbili na wakati huo nilikuwa bafuni.

Rangi ilimtesa zaidi. Kibirizi kulikuwa na rangi za mitumbwi, nyekundu kali, nyekundu ya bendera. Aliikataa. Gari lile, alisema, lilikuwa jekundu la mawese. Nikamwuliza, mawese yaliyoganda au yaliyoyeyuka? Alinitazama kwa heshima ambayo sikuizoea. "Yaliyoyeyuka," akasema, "ila moto ndio kwanza umezimwa." Alichanganya, akapaka, akakwangua, akachanganya tena, na chupa ya mawese ilisimama juani karibu yake kama shahidi mahakamani.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na visa vyake. Alipima bati kwa unene wa ukucha lakini hakuwahi kujua leo ni siku gani. Alikuwa Mkristo mwaka mzima isipokuwa magharibi za Ramadhani, ambapo alikuwa wa kwanza kukaa kwenye mkeka wa futari wa majirani, na alikosoa uji. Alisema hapendi watu wenye kelele, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Na aliliogopa ziwa. Pale Kibirizi alipotengenezea karabai alikaa akiligeuzia mgongo, na akitaka maji ya kunawa aliagiza mtu. Lakini mashua yoyote ikitokea kwa mbali, kabla wavuvi wenyewe hawajaiona, yeye alikuwa ameshageuka.

Watu wakishuka, alikuwa hapo, ameishika nusu ya gari kifuani kama mtu anayeuza saa.

"Mwatoka wapi? Poleni. Poleni sana. Kuna mutu kati yenu aliosha gari Kalemie?"

Fikiria mtu amevuka ziwa na watoto na woga wake wote, anakanyaga mchanga, na swali la kwanza analoulizwa ni hilo. Wengine walidhani ni askari wa aina mpya. Wengine walicheka, kicheko chao cha kwanza baada ya siku nyingi, na nadhani kwa hilo tu alistahili mshahara.

Habari zikaenea, na Kibirizi haikosi watani. Wakaanza kujitokeza waosha gari wa kushoto. Nakumbuka mmoja, mpagazi, Muha mwenzangu wa hapahapa, alikuja mpaka uani kwetu amejifunga leso kichwani, akaamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mzee! Mimi ndiye wa kushoto. Nimefika!"

"Karibu, shemeki," Mpangaji alisema bila kuinua kichwa. "Uliosha kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni."

"Sabuni ilikatazwa. Endelea. Bomba lilikuwaje?"

"Moja, refu, limenyooka mpaka nyuma."

"Sawa. Na chakula changu kilikuwa kinaishia wapi?"

Mpagazi akababaika. "Chakula? Si ulikuwa unakula mwenyewe?"

"Toka," Mpangaji alisema. "Wa kushoto angejua. Angecheka kwanza, halafu angekataa." Kisha akampa bakuli la ugali, kwa kuwa ilikuwa mchana na mtu alikuwa amepanda kilima kuja kutania.

Mimi mwenyewe nilimshauri amalize tu. Apindue kamba, akate bati la pili kama la kwanza, nani atajua? Alinijibu kwamba yeye atajua, na shemeki atajua, na wakikutana shemeki atamcheka mpaka meno yatoke. Lakini ulikuja msimu ambao mashua zilipungua. Wiki ikapita bila mtu, kisha nyingine. Mpangaji alianza kukaa Kibirizi bila kugeuka. Siku moja nikamwona uani amelaza ule upande wa kulia juu ya bati jipya, anaufuatisha kwa msumari. Akakata. Akalipondaponda likakaa umbo, akaliinua akalibana na lile la kwanza, na kwa muda wa kama kikombe kimoja cha chai, gari likawa zima. Lilikuwa zuri.

Asubuhi yake lile bati jipya lilikuwa faneli ya mafuta ya taa, imekaa kwenye mdomo wa karabai ya mtu. Hata mke wangu, ambaye hana kizuizi mdomoni, hakuuliza. Alimwongezea dagaa tu.

Ni yeye mke wangu aliyeleta habari. Wanunuzi wake wengine walipeleka dagaa mpaka soko la kambini, na huko, pamoja na dagaa, walipeleka umbea wa Kibirizi, ukiwamo wa mzee mwenye nusu ya gari. Mchana mmoja mke wangu aliingia uani mbio. Mwanamke huyo hakimbii. Hata mvua humsubiri.

"Mzee! Kuna mtu kambini ameambiwa habari zako, amecheka mpaka akalia. Anasema uambiwe mabomba yalikuwa mawili. Yamepinda kwa nyuma kama mikono ya mtu aliyembeba mtoto mgongoni."

Chuma cha kulehemu kilikuwa mkononi. Akakiweka chini taratibu, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukiegemeza, kikaunguza mkeka.

"Amesema nani? Mwanaume mrefu? Ana pengo hapa?"

"Mwanamke."

"Mwanamke?" Alirudia kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine. "Upande wa kushoto kulikuwa na mwanamke gani?"

Nilitaka kusema kitu, mke wangu akanikanyaga mguu. Tulimwona Mpangaji akifunga macho, akiinua mikono yake miwili nyuma kiunoni, akaipinda kama anambeba mtoto. Akasikiliza. Nadhani alikuwa anausikia mlio. "Njo yenyewe," akasema. "Njo yenyewe kabisa." Halafu akaanza kutafuta koleo.

Aliondoka kesho yake na basi la kwanza. Nusu ya gari aliifunga kwa kitenge cha mke wangu, akaipakata. Nilimsindikiza mpaka stendi, nikamwonya asisinzie kabla ya Kidahwe. Aliniambia niutunze mkono wake. Hatukumwona tena kwa miaka. Majivu yake yalibaki uani, na mke wangu, ambaye aliyalalamikia tangu siku ya kwanza, alifagia akiyazunguka mpaka mvua za masika zilipoyachukua zenyewe.

Mambo yakatulia ng'ambo, watu wakaanza kurudi kwao, kambi zikapungua. Kila nilipoona debe la bati nilimkumbuka, kisha nikaendelea na vyombo. Mpaka juzijuzi hapa, mke wangu alipoamua nifunge safari.

"Nenda Ujiji ukanichukulie gauni. Kuna mama anashona kule karibu na soko."

"Ujiji! Leo leo?"

"Ni pale tu, Baba Neema. Watu wanakwenda kwa miguu."

Nilinyoa, nikavaa viatu, nikaaga kuku. Nilipofika, nilimkuta mama mmoja wa makamo ya juu, mwembamba, amekaa mlangoni na cherehani, miwani puani. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kwa lafudhi niliyoijua. Na nyuma yake, juu ya rafu, lile gari, jekundu la mawese yaliyoyeyuka moto ukiwa ndio kwanza umezimwa, limenigeuzia upande wa kulia.

"Rula imefika!" sauti ikapigwa kutoka ndani.

Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, lakini koti lilikuwa lilelile. Hata hakuniamkia. Alichukua mkono wangu, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akaubonyeza.

"Bado haujafanya kazi," akasema. "Mungu ni mwema."

Tulicheka, tukaulizana habari za kuku na za chujio la chai; walikuwa wametoka kambini karibuni tu. Kisha nikafanya kama kawaida ya kwetu uani. Nikavuta kigoda, nikasema, "Na yule mvivu yuko wapi? Mwizi wa nyama?"

Cherehani ilisimama. Mpangaji akaangalia meza, na sikumwona akitafuta koleo.

"Tulimzika njiani," alisema yule mama wa cherehani, dada yake. "Homa. Hatukuwa tumefika hata ziwani." Akainamisha kichwa, akapitisha uzi kwenye sindano, akakosa, akapitisha tena. "Nilipoambiwa kuna mzee Kibirizi anauliza upande wa kushoto, nikajua kaka anamtukana mtu ambaye hayupo. Nikacheka kwanza."

Nilisema pole. Kidato cha nne hakikunifundisha neno lingine. Mpangaji alinyanyuka, akalishusha gari kutoka rafuni kwa mikono miwili, akaliweka mezani mbele yangu, akaligeuza.

Upande wa kushoto ulikuwepo. Mabomba mawili yalitoka ubavuni, yakapinda kwenda nyuma, yakakutana, na kweli yalikuwa mikono ya mtu aliyembeba mtoto. Palikuwa na tundu la mafuta na kifuniko chake, kioo kidogo cha pembeni, ngazi ndogo ya kukanyagia. Yote alielekezwa na dada yake, ambaye hakuwahi hata siku moja kulipwa kuosha gari lolote. Maandishi ya mafuta ya msaada yalikuwa yamefungiwa humo ndani, katikati ya pande mbili, hayasomeki tena.

"Kwa hiyo chakula chako," nikamwambia Mpangaji.

"Walikuwa wanakula wote wawili," akasema kwa uchungu wa mtu ambaye bado ana njaa ya mchana ule. "Miaka yote namwita yule mwizi. Mwizi ni huyu hapa, anashona."

"Nilikuwa naonja chumvi," dada yake alisema.

Hapo ndipo nilipoona doa. Gari zima lilikuwa linang'aa, unaweza kunyolea ndevu pande zote mbili, isipokuwa mahali pamoja nyuma ya gurudumu la kushoto, ambapo palikuwa na tope. Tope la kweli, kavu, ukubwa wa kucha. Mimi ni muosha vyombo. Siwezi kuona kitu kama hicho nikakiacha. Nikashika pindo la shati langu, nikapeleka mkono.

Akaudaka mkono wangu, ule aliouita wake, kabla haujagusa.

"Acha," akasema. "Hapo kitambaa cha shemeki kilikuwa hakifiki."

Dada yake hakuinua macho kwenye gauni la mke wangu.

"Kingefikaje?" akasema. "Hapo ndipo nilipokuwa nasimama."